Fatiha ya Mtoto wa Nne

Mwaka ule nilikuwa na watoto saba, na mkubwa wao hajafika miaka kumi na miwili. Natanguliza hilo kwa sababu kila niliyemlilia alinijibu kitu kile kile: una saba bibi, mmoja tu ndiyo uyafanye yote haya? Wanaume waliniambia, na wanawake waliozaa wakaniambia, na hao wanawake ndio sijawasamehe mpaka leo. Nani aliwaambia kuwa watoto ni mikate, ukiwa nayo saba ukimgawia jirani mmoja unabaki na ya kutosha?

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nina miaka mingi sasa hapa Unguja, kwa binti yangu mkubwa, na ulimi wangu umeshakolea. Kule kwetu Nosy Be, kisiwa cha Wamalagasi, marehemu babu alikuwa na Kiswahili cha sala, cha biashara na cha bahari, basi. Sisi nyumbani tulisema Kimalagasi, watoto walirudi na Kifaransa chao cha shule, na ndugu za mume wangu wakija tunawapokea kwa Kingazidja. Kisa chenyewe kilianza kwa neno moja la Kimalagasi, tena la adabu, tena nililolisema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Tulikaa Dzamandzar, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, enzi hizo kiwanda bado kinanguruma. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo. Likizo ndefu ya shule kule huangukia kipupwe, na kipupwe ndio msimu wa kukata miwa. Basi piga picha mwenyewe: watoto saba wapo nyumbani kutwa nzima, na baba yao yuko zamu ya usiku, anarudi asubuhi anataka kulala. Nyumba yenyewe vyumba viwili, kuta za mbao. Ukipiga chafya jikoni, yeye anageuka kitandani.

Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nawatoa watoto nje kabla baba yao hajavua viatu. Kitindamimba mgongoni, anayemtangulia nimemshika mkono, kifungua mimba amebeba sufuria ya ndizi za kuchemsha, wa pili na wa tatu wanagombania ndoo. Tunapita pembezoni mwa reli ndogo ya kubebea miwa, mpaka pwani. Wavulana wakiona mabehewa yamepunguza mwendo wanachomoa muwa mmoja mmoja, na mimi nawagombeza kwa sauti, nawaambia huo ni wizi na watamaliza meno, halafu tukifika mchangani nauchukua naumenya natafuna nao. Ndiyo, nilitafuna. Mwenye watoto saba ambaye hajawahi kufanya hivyo na arushe jiwe.

Pwani nilikuwa na sheria zangu. Hakuna kuingia maji yaliyopita kitovu. Hakuna kuoga tumbo likiwa limejaa. Anayempiga mwenzake anakuja kukaa na mimi kivulini, analea mdogo mpaka aombe radhi. Wanaokota kome, wanafukuza kaa, wanachimba mashimo na kufukiana mpaka shingoni, kisha mmoja analia mchanga umemwingia machoni na wote wananiapia kuwa alijitia mwenyewe. Adhuhuri tunarudi taratibu, wanakula, wanakwenda chuo cha Kurani kwa mwalimu, na wakitoka chuo wanaanza upya. Ijumaa ni siku ya vichwa. Nawaweka wasichana mmoja mmoja kati ya magoti yangu, na mafuta ya nazi na kitana cha chawa, na wanapiga makelele utadhani nawachinja.

Wa nne tu ndiye hakuwa na makelele. Alikuwa na miaka sita, msichana mwembamba, anakaa unapomweka. Ukimwita mara moja haji, ya pili haji, ya tatu anainua uso kwa mshangao. Nilimfinya kwa hilo, na zaidi ya mara moja nilimpiga kibao, nikimwambia ana kiburi cha kimya kimya, amerithi kwa baba yake. Lakini wageni walimpenda. Mtoto wa adabu, walisema, na mimi nikawa naona kweli, katika saba huyu ndiye hanichoshi.

Mwezi wa nane akaja wifi yangu kutoka Mahajanga. Ndiye dada pekee wa mume wangu, mkubwa kwake, mshonaji wa nguo, nyumba yake iko mtaa wa Antanimasaja. Alikuwa mjane. Miaka ya nyuma, mwaka wa zile fujo za kuwashambulia Wangazidja wa Mahajanga, wengi wao walipakiwa melini wakarudishwa visiwani, na mtaa wake ukabaki milango mitupu. Yeye alibaki kwa sababu mumewe alikuwa mtu wa pale pale, na mume naye hakukaa sana akafa. Alikuwa amezaa mara tatu, na watatu wote aliwazika kabla ya arubaini. Nayasema haya msije mkadhani mimi nina roho ya jiwe. Nilimhurumia. Nilimpa kitanda changu, nikalala chini na watoto.

Alikuja na makopo ya biskuti na gauni moja la kitambaa cha maua alilolishona mwenyewe. Gauni moja, na mimi nina wasichana wanne! Nikamuuliza, wifi, na wengine je? Akasema kitambaa kilimwishia. Gauni likajaribiwa kwa wa kwanza, halipiti kichwani. Likajaribiwa kwa mdogo, linaburura. Kwa wa nne likakaa sawasawa, kiuno kiunoni na upindo magotini. Mtu aliyetuona mara moja tu, tena miaka miwili nyuma, alijuaje kipimo cha mtoto wa miaka sita? Siku hizo sikujiuliza. Nilikuwa na nguo za watu tisa kwenye beseni.

Sasa nieleze lile neno. Kwetu, mtu akimsifu mtoto wako mbele yako, hukai kimya. Jicho la mtu huharibu kitu cha mwenzake. Chake mwenyewe haliharibu. Kwa hiyo unamjibu upesi: zanakao, yaani ni mwanao huyo. Hapo hasadi imekwisha, sifa imepita salama, mnaendelea na chai yenu. Mimi neno hilo nimewaambia wauza samaki, nimemwambia mke wa mwalimu, nimemwambia mlevi mmoja aliyemsifu mwanangu sokoni huku anapepesuka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuondoka na mtoto wangu.

Wifi alimsifu wa nne pwani, nikamjibu zanakao. Akamsifu tena Ijumaa, nilipokuwa namsuka na mtoto ametulia tuli, nikamjibu zanakao. Ijumaa hiyo hiyo mchana alikuwepo ami yake mume wangu, mzee anayetusalisha pale mtaani, tumemwalika wali na samaki wa nazi. Wifi akasema mbele ya sinia kwamba huyu angekuwa wake, asingemwomba Mungu kitu kingine. Mimi mkono mmoja uko kwenye wali, wa pili unamzuia kitindamimba asitie mguu kwenye mchuzi. Nikajibu bila hata kuinua macho. Ami akaacha kula, akaniuliza nimesemaje. Nikadhani mzee hasikii vizuri. Nikarudia kwa sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia.

Lahaula! Mtu anatoa talaka kwa kutamka mara tatu, na mimi kumbe nilikuwa namtoa mwanangu, tena ya mwisho nimeipigia ukelele.

Baada ya chakula wifi akasema angependa kuondoka naye. Mimi nikaelewa likizo. Zilikuwa zimebaki wiki kama tano shule zifunguliwe, na Mahajanga ni mji, mtoto atapanda puspusi, vile vigari vya kuvutwa na mtu, atakula aiskrimu kule ufukweni, atarudi na hadithi za kuwatambia ndugu zake. Nikasema aende, abadilishe hewa. Siku ya safari, asubuhi, ami alikuja, na mume wangu aliamka. Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Mtu ambaye akitoka zamu haamki hata nyumba ikiungua, siku ile alikuwa amekoga, amevaa kanzu, amesimama mlangoni. Ami akainua mikono akasoma fatiha. Mimi nikajua ni ya kuomba salama ya njiani, maana bahari si mchezo. Nikaitikia Amin kuwashinda wote.

Nilimfungia gauni mbili na kanga ya kujifunika. Wifi aliniambia hata hizo si lazima.

Na nitasema ukweli, kwa sababu nawasema wenzangu na mimi lazima nijiseme: nilipumua. Mkeka wa kulia chakula ulipanuka. Ndizi zilitosha. Nilipowaita watoto sikuwa tena na mmoja wa kumwita mara tatu. Wiki ya kwanza nilimtaja kila wakati wa kula, ya pili nikawa namtaja jioni tu nikiwatandikia. Wa tatu, ambaye ndiye mchokozi wa nyumba, alichukua nafasi yake karibu na ukuta, na mimi nikamwacha.

Shule zikakaribia kufunguliwa. Nikawashonea watoto mablauzi ya shule, yale ya kuvaa juu ya nguo, wavulana kwa wasichana, na la wa nne nikaliacha na upindo mkubwa, maana nilijua atarudi amerefuka. Nilikuwa nimemwambia wifi amrudishe wiki moja kabla. Wiki ikaja ikapita. Badala yake ikaja barua, kaileta baharia mmoja tunayemjua. Ilikuwa mistari minne. Mwanetu hajambo na amezoea. Nimemwandikisha shule ya hapa karibu. Nguo anazo. Msihangaike.

Mwanetu! Niliisoma pale pale nimesimama, mkono una sabuni, nikamfuata mume wangu ndani. Alikuwa anakula. Nikamsomea. Nikangoja apige meza, aseme dada yangu amerukwa na akili. Aliendelea kutafuna mpaka akameza.

“Si ulimpa?” akasema.

Nikamuuliza nilimpa nini, lini. Akanihesabia kwa vidole, pwani, kwenye kusuka, na mbele ya ami. Akasema fatiha imesomwa, na mimi mwenyewe nimeitikia Amin. Akasema maji yakimwagika hayazoleki.

Nikamwambia mwanangu si maji. Nikamwambia lile ni neno la jicho, kila mtu katika kisiwa hiki analijua, na yeye analijua, kalisikia kwa mama yake kabla hajaota meno. Kisha nikamuuliza lililokuwa linanikaba: siku ile umevaa kanzu, ulijua inasomwa fatiha ya nini? Akaitazama sahani. Alijua. Wallahi alijua, na dada yake alijua, na ami alijua, na gauni la maua lilijua. Waliokuwa hawajui ni mimi na mtoto.

Alijitetea. Alisema kila asubuhi alikuwa ananisikia nikilalamika kuwa watoto hawa wataniua, kuwa mikono ni miwili na wao ni saba. Alidhani ananipunguzia mzigo, na dada yake atapata wa kumfumba macho siku ya kufa. Sikuamini masikio yangu. Kumbe alikuwa halali! Ananifukuza nyumbani na watoto alfajiri ili apate usingizi, kumbe amelala anasikiliza ninavyonung'unika, na manung'uniko yangu anayafanya idhini. Mama gani asiyelalamika? Mama akisema watoto wataniua anasema amechoka, anataka mtu amshikie mmoja asonge ugali, hasemi njooni mchague.

Ami naye alikuja kunituliza. Alisema kwa Wangazidja hakuna nyumba isiyo na mtoto aliyelelewa na shangazi, na yeye mwenyewe alilelewa hivyo, akasoma, akawa mtu. Sikumkatalia. Hata kwetu upande wa mama ipo. Lakini mama wa mtoto anaulizwa, anakalishwa kitako, anajua kuwa anaulizwa, na ana siku za kulia na za kukataa. Haviziwi na mdomo umejaa wali. Ami akasema basi tumwachie Mungu. Nikamwambia Mungu nimeshamwachia mengi, hili nalishika mwenyewe.

Nikawaweka watano kwa jirani, mwanamke mwema ambaye naye alinitolea ile ya una saba, ila yeye aliisema huku anawapokea. Kitindamimba nikamfunga mgongoni, maana alikuwa bado ananyonya. Mume wangu alisema hakuna aliyewahi kurudisha fatiha. Nikashuka Hell-Ville bandarini, nikapanda meli ya mizigo, nikatapika njia nzima mpaka Mahajanga. Kila nilipopumzika kutapika nilikuwa napanga maneno ya kumwambia wifi, na kila nikiyapanga yanazidi kuwa makali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi uchungu huo nilikuwa nao hadi kwenye kucha.

Nilifika Jumapili. Puspusi ikaniteremsha Antanimasaja mlangoni, na mlango umefungwa. Jirani akaniambia wamekwenda Amborovy kuogelea, yeye na binti yake. Binti yake! Nikamwambia asante dada, nikapanda teksi na chumvi yangu ya safari mwilini.

Jumapili Amborovy watu huja na masufuria yao, familia nzima nzima, wanatandika mikeka chini ya mivinje. Nilimwona kwa gauni la maua. Amekaa mkekani anakula embe, nywele zimesukwa vizuri kuliko nilivyowahi kumsuka mimi, sikio moja limewekwa pamba. Wifi yuko pembeni yake anamfuta kidevu. Nikamwita jina. Aligeuka, akaniona, akasimama. Halafu, kabla ya kuja, alimtazama shangazi yake kuomba ruhusa.

Hapo sikumbuki adabu. Nilianza kusema nikiwa hatua ishirini mbali, na yote niliyoyapanga melini yakatoka, na mengine sikuyapanga. Nilimwambia ni mwizi. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, nilimlaza kitandani kwangu akanichungulia tumbo. Nilimwambia aliyezika watatu ndiye angepaswa kujua zaidi kuliko wote. Ndiyo, nililisema hata hilo, na Mungu analo kwake. Watu waliacha kula. Kitindamimba akaamka mgongoni akaanza kulia. Wifi alingoja nimalize, na nilipopiga magoti kumshika mwanangu nikawa namuuliza kama hajambo, na mtoto ananikodolea tu macho, wifi akasema polepole:

“Hama upande, wifi. Sikio hilo halisikii.”

Nilibaki nimemshika mabega. Wifi akaeleza, bila kupandisha sauti. Wiki ya kwanza aliona mto una usaha. Akampeleka zahanati, mganga akasema ni ugonjwa wa siku nyingi, labda wa maji ya bahari, labda wa homa aliyokuwa nayo akiwa mdogo. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linaweza kuokolewa akitiwa dawa kila siku. Kwa hiyo anamtia dawa kila siku, asubuhi na jioni, na akimsemesha anakaa kulia kwake. Akamalizia na ile methali, kuzaa si kazi, kazi kulea.

Nikaviona vile vibao vyote. Kila nilipomwita mara tatu. Mtoto wa adabu, anakaa unapomweka! Nilitamani mchanga unimeze, halafu hasira ikarudi mara mbili. Nikamwambia nalea saba kwa mikono miwili, na ndugu yake amelala. Akasema ndiyo maana.

“Ungeniandikia barua ya sikio,” nikamwambia. “Umeniandikia barua ya shule.”

Akakifuta tena kidevu cha mtoto kilichokwisha kauka, na neno hilo akaingia nalo kaburini. Kama aliona usaha wiki ya kwanza, mimi ndiye niliyekuwa wa kuambiwa. Angeniambia, ningekuja kwa mguu. Lakini aliona kosa langu akaliweka akiba, alikunje vizuri, alitoe siku nitakapokuja kudai. Mwenye nia ya kuponya mtoto hafanyi hivyo. Anafanya hivyo mwenye nia ya kumiliki.

Nikasema nampeleka kwao. Watu chini ya mivinje walikuwa wanangoja tushikane nywele. Wifi akainuka, akakung'uta mkeka, tukarudi Antanimasaja sote wanne katika teksi moja. Nyumbani kwake alitoa begi dogo la kitambaa, akapanga nguo za mtoto moja moja. Kulikuwa na blauzi ya shule iliyotariziwa jina. Kulikuwa na karatasi ya kuandikishwa, niliichukua nikaisoma: mahali pa jina la mama palikuwa na jina lake, kwa mwandiko wake mzuri wa mshonaji. Nikaichana mbele yake vipande vipande. Alinipa kichupa cha dawa, akanionyesha matone mangapi na jinsi ya kukilaza kichwa, akarudia tena mara ya pili kwa vile hakuniamini. Hakulia. Alimvalisha mtoto viatu, akamfunga kamba, akasimama mlangoni. Sikumwambia asante. Nimeshasali sala ngapi tangu siku ile na bado sijui kama nilikuwa na deni nalo.

Nilipomwambia mtoto tunakwenda, akabeba begi lake mwenyewe.

Dzamandzar walimpokea kwa vifijo. Wa tatu alimwambia nafasi ya ukutani sasa ni yake, nikamtandika kofi la kwanza kabla sijatua mzigo. Mume wangu alimbusu paji la uso, akaenda kazini. Hakuniuliza dada yake yu hali gani, na mimi sikumwambia. Tuliishi hivyo miezi, chumvi na pilipili tukiombana kupitia watoto. Ami nilimfuata nikamtaka asome fatiha nyingine, ya kumrudisha. Akasema hajapata kuisikia hiyo. Nikamwambia basi waliotunga walisahau kitu.

Mtoto nikamkalisha kushoto kwangu, sikio lake la kulia linielekee. Nikawafundisha wote sita kumwendea upande huo, na aliyemwita kwa nyuma nilimgombeza. Dawa nilitia asubuhi na jioni, matone yale yale. Na yeye alikuwa mtoto mwema kupita zamani. Alikula alichopewa na hakuomba kuongezewa. Akitaka maji ya mtungi aliniuliza kama anaweza kuchukua. Akimaliza kula alisema asante, neno ambalo hakuna mtoto wangu aliyewahi kunishukuru nalo kwa wali, na ndugu zake wakamcheka wakawa wanamwita Mahajanga. Nguo zake hazikwenda kwenye sanduku la wenzake. Kila akivua gauni, likifuliwa likikauka, alilikunja akalirudisha kwenye lile begi la kitambaa, na begi akaliweka karibu na mlango.

Siku ya tano au ya sita tangu turudi, mchana, wenziwe wako chuo, nilikuwa namtia dawa. Kichwa chake kiko pajani pangu. Nikamuuliza kwa nini hatoi nguo zake mle.

“Mama,” akaniuliza, kwa adabu kabisa, “na hapa nitakaa mpaka lini?”

Nilikuwa nimemjibu mume, nimemjibu ami, nimemjibu wifi mbele ya ufukwe mzima, na maneno hayakuwahi kunipungukia. Nikamwambia hapa ni kwenu, utakaa mpaka uolewe, na hata ukiolewa ni kwenu. Akaitikia ndiyo mama. Nikanyanyuka, nikamwaga begi lote, nikaziingiza nguo zake katika sanduku la watoto, chini kabisa, katikati ya za ndugu zake, naye amesimama ananitazama.

Asubuhi yake nililikuta begi karibu na mlango, limejaa, limefungwa.